Mosfet Tatu za Mama Chanda

Kasongo tulimzika Jumatano, na kwenye kilio chake watu walimsifu kwa mambo ambayo hakuwa nayo. Mmoja alisema alikuwa mpole. Mwingine, mwenye kanzu nyeupe na sauti iliyozoea hadhara, alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa uani, pale wanawake walipokuwa wanasonga bukari, ugali wetu, katika sufuria kubwa, nikacheka kwa sauti mpaka mpwa wake akanigeukia. Kasongo, maneno machache! Mtu aliyekuwa akibishana na redio, na akishindwa anaizima. Mpwa akaniuliza nilimjua marehemu wapi. Nikamwambia tulikaa meza moja ya kazi, yeye kulia na mimi kushoto, kabla mama yake huyu kijana hajaolewa. Akataka nisimulie. Pale uani, na moshi wa mkaa ukituingia machoni, nilimpa kipande tu. Hapa nauandika mwaka wenyewe.

Sitasimulia nilizaliwa wapi, wala namna polio ilivyonichukua miguu nikiwa mdogo. Hayo yana watu wengi wa kuyasimulia, na wakianza hawamalizi. Mwaka ninaoutaka ni ule wa katikati ya miaka ya themanini, nilipotoka shule ya ufundi na karatasi yangu ya electronique, nikapokelewa kwa majaribio katika atelier, karakana ya redio, ya Citoyen Kabamba. Wakati ule sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, hata mwizi akikamatwa sokoni aliitwa citoyen kwanza kabla ya kupigwa. Atelier ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya duka la vitambaa: chumba kimoja kirefu, dirisha moja la uani, meza mbili, na ukutani rafu iliyojaa makopo ya maziwa ya unga. Katika makopo hayo ndimo yalimokuwa maisha yetu. Vipuri vipya havikuwepo nchini, kwa hiyo tulivitoa katika maiti za mashine nyingine, na Citoyen Kabamba alikuwa na sheria yake: hakuna kipuri kinachoingia koponi kabla ya kuoshwa. Kila Ijumaa alasiri alivua koti la abacost, vazi rasmi la wakati ule, akakunja mikono ya shati, akamimina petroli katika karai, akasugua kila kitu kwa mswaki mpaka king'ae. Wateja walipenda kuangalia makopo yale. Walisema kwa Kabamba hata vitu vikuukuu vinaonekana vimetoka Ulaya, naye alikuwa anajifanya hasikii.

Nilikuwa nakaa Kenya, si nchi bali mtaa wa mji wetu, kwa mama yangu mdogo, na kazini nilikwenda kwa kinga yangu, baiskeli ya magurudumu matatu unayoizungusha kwa mikono. Kutoka Kenya mpaka mjini kupitia Kamalondo si mbali kwa mtu mwenye miguu. Kwa mikono ni safari. Nilikuwa na mabega ya mbeba magunia, na nilijivunia, lakini nilipofika kazini vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka, na vilitetemeka mpaka jua lilipopanda juu ya ukuta wa uani. Hakuna anayeweza kulehemu waya mwembamba kama unywele kwa vidole vya namna ile. Tulipatana na Kasongo bila kuandikiana: asubuhi anafanya kazi zangu ndogondogo, mimi namfungulia vipaza sauti vya makanisa na vya baa, vile vizito vinavyotaka bisibisi na nguvu, mchana tunabadilishana. Saa nne tulikula pamoja, kikanda, ile soseji ya mizizi, na pilipili katika karatasi, na yeye alikuwa anaongea mdomo umejaa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku Citoyen Kabamba alipokuja mapema, akasimama nyuma yangu.

"Zaina, leta mikono."

"Mikono iko na kazi, patron."

"Leta."

Nikanyoosha. Akaiangalia, halafu akamwangalia Kasongo, ambaye alijifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ungenifukuza," nikasema.

"Sikiya, citoyenne. Mi sina roho mubaya. Mais kazi ya fine, ile ya nyaya nyembamba, bateja banaileta asubuhi na banaitaka asubuhi. Sasa kama mvua inaanza, njia itakuwa matope, utafika hapa unachoka kupita leo. Minakupatia mupaka mvua. Mvua ikinyesha na mikono iko inatetemeka tena, nitatafuta muntu mwingine. Kasongo hatafanya kazi ya bantu babili."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, kwa sababu ningemjibu. Nilikuwa na hofu, nakiri, hofu ya kurudi kukaa uani kwa mama mdogo nikichambua sombe, majani ya muhogo, na kuambiwa kila saa kwamba Mungu ana mipango yake. Nilikuwa nimeionja kazi. Nilikuwa nimeona mwanamume mzima, mwenye gari, anashika kofia yake mkononi akisubiri mimi nimwambie redio yake ina nini. Mtu akishaonja hiyo, sombe haina ladha tena.

Kasongo alikuwa na dawa yake tayari. "Nitakuwa nakusukuma asubuhi," alisema. "Mi napita paka njia yako. Kazi gani?" Kwetu "paka" si mnyama, ni "tu".

"Sitaki kusukumwa."

"Uko na haya?"

Haikuwa haya. Nilisukumwa utotoni, na najua. Anayekusukuma ndiye anayechagua mahali pa kusimama. Binamu yangu mmoja alikuwa akikutana na marafiki zake ananiegesha uso ukiangalia ukuta, wanaongea, wanacheka, na mimi nasoma ukuta. Sikumweleza Kasongo hayo. Nilimwambia tu kwamba nitatia mota kwenye kinga, na kwamba kama ana nguvu za kusukuma, azitumie kunitafutia mota. Akanuna nusu saa. Baada ya siku chache akaja na mota ya kufutia kioo cha basi, aliyoitoa katika basi lililokufa nyuma ya soko, pamoja na batri mbili za lori za mjomba wake zilizokuwa bado na uhai kidogo.

Mota ile ilikuwa na nguvu za kutosha kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Niliifunga kwa mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, nikatia swichi ya kawaida, nikawasha. Kinga iliruka kama mbuzi, mnyororo ukakatika, na mimi nikajikuta nimekumbatia mlango wa duka la vitambaa. Mama mmoja aliyekuwa anachagua kitenge pale mlangoni alikiacha kitenge akaondoka. Kwa hiyo nilihitaji kuipa mota umeme kidogo kidogo. Shuleni tulifundishwa njia: unaukata umeme na kuurudisha mamia ya mara kwa sekunde moja, na ukirefusha muda wa kuwaka, mota inaongeza mwendo taratibu. Saketi ya kukata niliijenga mwenyewe. Lakini wa kufungua na kufunga mlango lazima awe transista mwenye kifua, na waliokuwa katika makopo yetu walipata moto hata hawajaanza. Citoyen Kabamba, ambaye alikuwa akipita pale mezani akijifanya anatafuta koleo, akasema kuna kitu kipya, mosfet, kinachopitisha umeme mwingi na hakichoki. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukigusa.

Ndipo tukamwita Mama Chanda. Huyu alikuwa Mubemba, mnene, mwenye kicheko cha kutangulia, anayefanya biashara ya sabuni na vitenge kwa treni ya Sakania, upande huu na upande wa Zambia. Redio-kaseti yake nilikuwa nimeitengeneza na sikumwomba kitu, kwa hiyo niliandika jina la mosfet kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge akaenda. Alirudi baada ya wiki kadhaa, akakaa uani juu ya kreti, akaomba kikombe cha munkoyo kwanza. Alipokata kiu ndipo akatoa kifurushi kidogo cha karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara.

"Mwana wangu, bintu byako njo ibi. Ule Muhindi wa duka anasema usiguse miguu yake ovyo na vidole, inakufwa."

"Kwa kuguswa tu?" akauliza Kasongo.

"Njo vile alisema. Kintu kidogo hivi na wivu sawa bibi mudogo." Akacheka peke yake mpaka machozi. "Biko bitatu. Alikuwa na paka ibi bitatu. Bingine, labda mwaka kesho."

Nikashika bomba la maji kwanza ili kutoa umeme mwilini, halafu nikafungua karatasi. Vitatu vyeusi, kila kimoja na miguu mitatu. Sijawahi kupewa dhahabu, lakini najua nilivyojisikia.

Ya kwanza niliijaribu kwa taa ya gari. Taa ikafifia na kung'aa kwa kidole changu, kwa utii kabisa, na mimi nikamwambia Kasongo aanze kutafuta mwingine wa kumsukuma. Kisha nikaondoa taa nikafunga mota. Mota ikaimba, gurudumu likazunguka hewani, Kasongo akapiga makofi. Makofi hayakufika kumi. Ukasikika mlio mdogo kama wa punje ya mahindi kwenye kikaango, na kila kitu kikanyamaza.

"Inakufwa," Kasongo akasema.

Citoyen Kabamba hakutucheka. Alimwambia Kasongo alete baiskeli yake ya kawaida, akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa nguvu, akaziacha. Pedali zikasimama, gurudumu likaendelea, tik tik tik tik.

"Munaona? Miguu inasimama, roue haisimame. Kama roue ingefungwa na miguu, ingekuvunja miguu. Sasa mota ndani yake iko bobine, waya ya kuzungushwa mara mingi, na bobine njo vile. Taa unaizima, inakubali. Bobine haikubali. Unakata moto, ule umeme, yeye anataka moto iendelee kutembea. Kama hauipatii njia, inajitafutia, inapasua ule mulinzi wa mulangoni. Ukitia diode, ile ya kupitisha moto upande moja tu, pembeni ya mota, moto inazunguka paka pale, mupaka ichoke. Njo maana Bafaransa banaiita diode de roue libre, ya roue yenye kujiendea."

Nilikuwa nimeisoma shuleni, hiyo diodi, katika mchoro mmoja na mtihani mmoja. Sikuwa nimewahi kusikia mlio wake ikikosekana. Mpaka leo, miaka mingi baadaye, kijana akiniletea saketi ya relay au ya pampu au ya kufuli ya umeme, kabla ya kuangalia chochote naangalia kama diodi ipo na imeelekea wapi, na wanadhani nina ujuzi mkubwa. Nina masikio tu, na kumbukumbu ya punje ile ya mahindi.

Diodi yenye nguvu ya kutosha ilikuwa koponi. Katika alternata ya gari, ile inayochaji batri, mna diodi za chuma zenye umbo la kifungo cha koti, mwili upande mmoja na mguu mmoja upande wa pili. Tulikuwa nazo kopo zima, zinang'aa kama sahani za harusi. Nikachukua moja, nikafunga mwili wake upande wa chanya, kama mchoro unavyotaka, nikalehemu mosfet ya pili. Nikawasha. Mota haikutikisika hata kidogo. Moshi ukapanda, mosfet ikapasuka katikati, na Kasongo akang'oa waya kwenye batri kwa mkono mtupu huku akitukana kwa lugha tatu. Nikashika diodi kuiondoa, ikaniunguza kidole gumba.

"Byote ni byongo," Citoyen Kabamba akasema. "Ule Muhindi amebauzishia bintu bya kufwa."

"Zaina," Kasongo akasema polepole, "kwani kusukumwa ni kintu gani? Ni asubuhi tu."

Nilitoka uani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bomba la moshi la kiwanda, mawingu ya kwanza, na upepo ulikuwa na harufu ya vumbi linalosubiri maji. Nililia, tena kwa hasira, mbele ya mbabula, jiko la mkaa, ambayo mke wa mlinzi wa duka alikuwa anachomea samaki, na yeye kwa heshima akajidai moshi unamliza pia. Imebaki moja. Moja, na mawingu yale. Nikatia kidole gumba mdomoni kwa sababu kilikuwa kinaniuma, na kilivyokuwa kinauma ndivyo nilivyoanza kujiuliza. Mota ilikuwa baridi. Niliigusa, ilikuwa baridi kabisa. Diodi ndiyo iliyokuwa moto. Kwa hiyo umeme wote ulipita kwenye diodi, ukamwangukia mosfet bila kupita kwenye mota. Na diodi iliyofungwa sawasawa haipitishi kitu wakati ule. Ilikuwa imegeuka. Lakini nilikuwa nimeifunga kama mchoro unavyosema.

Nikarudi ndani nikaomba kopo zima la diodi za alternata. Nikazimwaga mezani. Nikaunganisha batri na taa ndogo, na Kasongo akashika waya, nami nikazigusa moja baada ya nyingine, mwili upande wa chanya. Ya kwanza, taa haikuwaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu ikawaka. Ya nne, giza. Tulikuwa tunazitenga katika mafungu mawili, na mafungu yalikuwa yanakua sawa, na kila diodi ilikuwa inafanana na mwenzake kama mapacha. Kasongo, ambaye aliwahi kufanya kazi kwa fundi wa magari, ghafla akaacha waya.

"Mais izi ziko za namna mbili! Moja mwili njo chanya, ingine mwili njo hasi. Kwa fundi tulikuwa tunaziona kwa maandishi. Moja wanaiandika na wino mwekundu, ingine na wino mweusi. Wino iko wapi?"

Citoyen Kabamba alikuwa amesimama mlangoni, shati limekunjwa mikono, kwani ilikuwa Ijumaa, na karai la petroli lilikuwa miguuni pake. Akaangalia mafungu mawili. Akaangalia mswaki. Miaka mingapi alikuwa anasugua vile, mwenyewe, bila kumwachia mtu, kwa sababu aliona sisi vijana tunaacha uchafu kwenye kona! Niliona uso wake unavyoshuka, na sikufurahi. Nilimpenda mzee huyu, hata alipokuwa ananihesabia mawingu.

"Basi njo mimi," akasema. "Ile wino niliitosha, niliisugua na mukono yangu."

"Patron, haukujua."

"Nilijua. Kwanza kabisa nilikuwa najua rangi zile. Nyuma nikapenda bintu bing'ae." Akavuta kiti, akakaa mbele ya mafungu, akachukua sindano, akaanza kukwaruza mshale mdogo kwenye kila diodi. Alikwaruza mpaka wakati wa kufunga. "Tangu leo," alisema bila kuinua kichwa, "tunapima, tunaandika, halafu tunaosha. Na Zaina, ile ya tatu uitie polepole." Nikangoja aseme kitu kuhusu mvua. Aliona kwamba nangoja. "Mvua, haiko mimi naileta," akasema.

Mvua ilinyesha Jumapili. Jumatatu asubuhi njia ya Kenya ilikuwa nyekundu na laini kama unga uliokandwa, na mimi nikatoka na mosfet ya tatu chini ya kiti, imefungwa katika mfuko wa plastiki wa sukari, na kando ya mota diodi yenye mshale wa Citoyen Kabamba. Mama mdogo alisoma dua mlangoni kana kwamba nakwenda Makka. Nikageuza kitasa cha kuongeza mwendo kidogo kidogo. Kinga ikaimba kama mbu mkubwa, ikaondoka. Niliiacha, nikaigeuza tena, nikaiacha tena, na kila nilipoiacha nilibana meno nikisikiliza punje ya mahindi. Hakukuwa na punje. Mikono yangu ilikuwa imekaa mapajani, haina kazi, na hilo lilikuwa jambo geni kiasi kwamba sikujua pa kuiweka.

Kasongo alinikuta kwenye njia ya Kamalondo. Alitembea kando yangu, viatu mkononi kwa ajili ya matope, akilalamika kwamba naenda haraka, kisha kwamba naenda polepole. Wanawake waliokuwa wanapanga mafungu ya mboga ya lengalenga kando ya njia walianza kupiga kelele: "Ee bwana, usukume vizuri mutoto wa bantu!" Nikaona kinywa chake kinafunguka kuwajibu. Akakifunga. Akavifunga viatu kwa kamba shingoni, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikanisha, na akatembea vile, kama diwani anayekagua mtaa, mpaka mjini, ili asiwepo mtu hata mmoja wa kudhani kwamba ananisukuma. Hakusema kitu juu yake, siku ile wala baadaye. Kama yule wa kanzu nyeupe alikuwa anazungumzia asubuhi hiyo, basi namsamehe.

Citoyen Kabamba alikuwa amefika kabla yetu. Juu ya meza yangu alikuwa ameweka kichwa cha redio-kaseti kilichofunguliwa, nyaya zake nyembamba zimekatika, na chuma cha kulehemu kimeshapata moto. Hakunisalimu. Nikaketi, nikachukua chuma, nikashika waya wa kwanza kwa kibano. Alikuja akasimama nyuma yangu kama siku ile, na nilijua kwamba haangalii kazi, anaangalia vidole. Tone la risasi likakaa mahali pake. La pili likakaa. La tatu likakaa.

"Bon," akasema. "Kazi ya fine ya asubuhi ni ya Zaina. Ni ya Zaina paka, si ya majaribio tena. Kasongo, bipaza sauti byako biko pale."

"Na mi tena?" Kasongo akalalamika. "Sasa asubuhi nitakuwa natembea naye juu ya nini?"

"Utembee naye tu. Siku ile mosfet itakufwa, atahitaji muntu wa kumusukuma."

Wote wawili wakaniangalia. Nilikuwa na waya wa nne kwenye kibano, mwembamba kuliko yote, na sikuinua kichwa.

"Haitakufwa," nikasema.